Alama za Mikopo: Namna ya Kuzielewa na Kuzipandisha Kabla ya Kwenda Kukopa

Afisa wa mikopo anayepokea maombi ya mtu asiyemfahamu huwa na vitu viwili mbele yake: nyaraka alizoleta mwombaji, na namba inayojitokeza kwenye kompyuta mara tu anapoingiza taarifa za kitambulisho. Namba hiyo ndiyo alama za mikopo, na uzito wake katika uamuzi ni mkubwa kuliko waombaji wengi wanavyodhani. Huchangia kuamua kama ombi litapita, riba itakuwa kiasi gani, muda wa marejesho utakuwa mrefu au mfupi, na kama mkopeshaji atadai dhamana au mdhamini. Bahati mbaya ni kwamba watu wengi huisikia kwa mara ya kwanza siku ya kukataliwa, ilhali mambo mengi yanayoipandisha huhitaji miezi kadhaa kuonekana.

Tofauti ya riba si jambo dogo. Chukua mkopo wa 100,000, kwa fedha yoyote ile, unaolipwa kwa marejesho sawa ya kila mwezi kwa miaka 3. Mwenye alama nzuri akipewa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayokokotolewa juu ya salio linalopungua, atalipa takriban 3,321 kwa mwezi. Mwenye alama hafifu akipewa asilimia 20, atalipa takriban 3,716. Pengo la mwezi mmoja linaonekana la kuvumilika, lakini kufikia rejesho la 36 huyu wa pili atakuwa amelipa zaidi ya 14,200 juu ya alicholipa mwenzake, kwa mkopo uleule na muda uleule.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba namba yenyewe haina mahali pa kuishika. Namba ni zao la ripoti, yaani kumbukumbu za mikopo yako ambazo wakopeshaji wamezipeleka kwenye taasisi ya taarifa za mikopo, na kazi yote ya kuboresha hufanyika kwenye ripoti hiyo. Anayefungua programu ya simu kila asubuhi kuangalia kama alama zimepanda pointi 3 anajichosha bure, lakini anayesoma ripoti yake mstari kwa mstari mara mbili kwa mwaka anafanya kazi yenye faida.

Namba hii inapima nini

Alama za mikopo ni makadirio ya kitakwimu yanayojibu swali moja jembamba: miongoni mwa watu ambao kumbukumbu zao za ulipaji zinafanana na zako, ni wangapi watashindwa kulipa au watachelewa sana katika kipindi kijacho? Mfumo wa FICO, unaotumika sana Marekani, hukadiria uwezekano wa mtu kuchelewa siku 90 au zaidi katika miezi 24 ijayo. Hapo hapapimwi utajiri, akili wala uadilifu wa mtu. Mshahara haumo kabisa katika hesabu za FICO, na ndiyo maana mtu mwenye kipato kikubwa anayesahausahau marejesho anaweza kuwa na alama za chini kuliko mtu wa kipato cha kawaida anayelipa kila mwezi bila kukosa. Mkopeshaji hutazama kipato kando, kwa sababu alama humweleza tabia ya ulipaji na kipato humweleza uwezo wa kulipa, na kwa kawaida huhitaji yote mawili.

Biashara ya kuweka kumbukumbu za wadaiwa ni ya zamani kuliko kompyuta. Lewis Tappan alifungua wakala wa aina hiyo New York mwaka 1841, akikusanya maoni ya mawakala wake juu ya wafanyabiashara wa miji mbalimbali, na maoni hayo yalikuwa maoni kwelikweli, pamoja na upendeleo wake wote. Mwaka 1956 mhandisi Bill Fair na mwanahisabati Earl Isaac walianzisha kampuni iliyotaka kuweka takwimu mahali pa maoni, na mwaka 1989 kampuni hiyo ikatoa alama za FICO za matumizi ya jumla. Ziko kati ya 300 na 850. VantageScore, mfumo ulioanzishwa mwaka 2006 na taasisi tatu kubwa za Marekani ambazo ni Equifax, Experian na TransUnion, sasa hutumia kipimo hichohicho, ilhali Kanada na India alama zilizozoeleka huishia 900.

Kwa sababu hiyo mtu mmoja hana alama moja. Ana alama kadhaa kwa wakati mmoja, kutegemea ni taasisi gani iliyoulizwa, ni toleo gani la mfumo lililotumika, na ni mkopeshaji yupi amepeleka taarifa wapi. Ukiona 702 kwenye programu yako kisha benki ikakuambia 681, usidhani kuna aliyedanganya. Linganisha alama za mfumo mmoja na za mfumo huohuo, na uangalie mwelekeo wake kwa miezi badala ya kubishana juu ya namba ya siku moja.

Ni muhimu pia kufahamu mfumo wa nchi unamokopa, kwa kuwa nchi hazifanani. Ufaransa, benki kuu inatunza daftari la watu walioshindwa kulipa mikopo, na asiyekuwemo humo hana namba ya kumsifu wala ya kumlaumu. Australia ilikuwa na mfumo wa taarifa mbaya pekee hadi Machi 2014, ulipoanza utaratibu wa kurekodi pia malipo yaliyofanywa kwa wakati. Penye daftari la makosa pekee, kazi yako ni kuhakikisha jina lako halimo, au linatoka humo upesi. Penye mfumo kamili, kila rejesho lililolipwa kwa wakati linaongeza kitu, na mtu ambaye hajawahi kukopa hupata shida yake ya pekee nitakayoieleza mbele.

Mambo yanayohesabiwa

FICO imeweka wazi mgawanyo wa jumla wa uzito. Historia ya malipo huchukua asilimia 35, kiasi unachodaiwa asilimia 30, urefu wa historia yako asilimia 15, mikopo mipya asilimia 10, na mchanganyiko wa aina za mikopo asilimia 10. Mifumo mingine ina mizani yake, lakini mambo yenyewe hayabadiliki sana. Mawili ya kwanza yanabeba karibu theluthi mbili ya uzito wote, kwa hiyo mwenye muda mdogo ashughulike na hayo. Hilo la mwisho, yaani kuwa na mkopo wa nyumba, wa gari, wa kadi na kadhalika, ningeshauri uliache lijitokeze lenyewe, kwa sababu kuchukua mkopo usiouhitaji ili tu kuchanganya aina ni kulipa riba kwa ajili ya pointi chache.

Anza na ripoti

Omba ripoti yako kabla ya kubadilisha chochote. Katika nchi nyingi mkopaji ana haki kisheria ya kuiona, na mara nyingi bila malipo kwa idadi fulani ya mara. Marekani kwa mfano taasisi zote tatu hutoa nakala za bure kupitia tovuti moja rasmi, na Uingereza kila taasisi inalazimika kutoa ripoti ya kisheria bila malipo kwa anayeiomba. Dai haki hiyo kwanza, kisha ndipo ufikirie huduma za kulipia, ambazo wengi hawazihitaji. Ikiwa nchi yako ina taasisi zaidi ya moja, omba kwa zote, maana kosa linaweza kukaa katika moja na lisiwepo kwa nyingine.

Kujiombea ripoti yako mwenyewe hakupunguzi alama. Watu wengi huogopa jambo hili bila sababu.

Ripoti ikifika, anza na sehemu ya utambulisho, yaani jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho na anwani. Herufi moja iliyokosewa au namba iliyogeuzwa inaweza kuchanganya kumbukumbu zako na za mtu mwingine mwenye jina linalofanana, na hapo ndipo mtu hujikuta anadaiwa mkopo wa mji ambao hajawahi kukanyaga. Nenda kisha kwenye orodha ya mikopo, na kwa kila mkopo usome tarehe ya kufunguliwa, kiasi cha awali, salio, siku za kuchelewa, hali ya mkopo na tarehe ya mwisho taarifa ilipopelekwa. Tarehe hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka, ilhali makosa mengi huanzia hapo.

Tuseme umekuta mstari unaosomeka hivi: mkopo binafsi, umefunguliwa Machi 2022, kiasi 40,000, salio 3,150, siku za kuchelewa 60, taarifa ya mwisho Juni 2023. Wewe unajua kuwa mkopo huo uliumaliza tarehe 14 Aprili 2023, na stakabadhi unayo. Ukisoma haraka utaona kosa moja, ambalo ni salio. Yako mawili. Rejesho la mwisho halikuingizwa, mfumo wa mkopeshaji ukaendelea kuhesabu siku kana kwamba hujalipa, na ukiomba salio pekee lirekebishwe, unaweza kubaki na mstari unaosema mkopo umelipwa baada ya kuchelewa siku 60. Kati ya hayo mawili, la siku ndilo zito zaidi kwa alama.

Makosa ya namna hii si nadra. Utafiti wa Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani uliotolewa mwaka 2013 ulikuta kuwa takriban mtu mmoja kati ya watano alikuwa na kosa lililothibitishwa katika angalau ripoti yake moja. Hayo yote si makosa ya kubadilisha riba, lakini huwezi kujua lako ni la aina gani mpaka ulisome.

Malalamiko yaandikwe, yasiishie kwenye simu. Barua ikiwa fupi na mahususi inafanyiwa kazi haraka kuliko ile inayosimulia historia nzima ya mkopo. Kwa mfano huo wa juu, ingetosha kuandika:

*YAH: OMBI LA KUREKEBISHA TAARIFA ZA MKOPO*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ripoti yangu inaonyesha kuwa mkopo huu una salio la 3,150 na kwamba umechelewa kwa siku 60. Mkopo huu niliumaliza tarehe 14 Aprili 2023, na hakuna rejesho nililolichelewesha. Naambatisha stakabadhi ya rejesho la mwisho na taarifa ya akaunti inayoonyesha tarehe za marejesho yote. Naomba salio lisomeke sifuri, siku za kuchelewa ziondolewe, hali ya mkopo isomeke kuwa umelipwa na kufungwa, na nipatiwe nakala ya ripoti baada ya marekebisho.*

Weka namba ya mkopo na namba ya ripoti, peleka barua kwa taasisi ya taarifa za mikopo na kwa mkopeshaji pia, kisha ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa au uthibitisho wa kutumwa. Kupeleka sehemu zote mbili kuna sababu: taasisi ikirekebisha peke yake, mkopeshaji anaweza kupeleka taarifa ileile yenye kosa mwezi unaofuata na kosa likarudi. Sheria huweka muda wa kujibu. Marekani uchunguzi kwa kawaida hukamilishwa ndani ya siku 30. Muda wa nchi yako ukipita bila jibu, andika tena ukitaja tarehe ya barua ya kwanza, na baada ya hapo peleka lalamiko kwa mamlaka inayosimamia wakopeshaji.

Taarifa mbaya iliyo ya kweli haiondolewi kwa barua. Hiyo hukaa mpaka muda wake uishe, ambao kwa taarifa nyingi ni miaka 7 Marekani na miaka 6 Uingereza, ingawa makali yake hupungua kadiri inavyozeeka na malipo mazuri yanavyojipanga juu yake.

Kulipa kwa wakati, na la kufanya unapoona huwezi

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Mfumo wa alama unaongeza masharti mawili: ulipe kwa tarehe, na malipo hayo yaandikwe. Kwa hiyo weka makato ya moja kwa moja kutoka kwenye akaunti inayopokea mapato yako, na umwombe mkopeshaji asogeze tarehe ya rejesho iangukie siku chache baada ya mapato kuingia. Wakopeshaji wengi hukubali ombi hilo, lakini ni wachache wanaoliomba. Kwa mikopo midogo ya simu, ambayo watu huichukulia kama haina uzito, fanya vivyo hivyo. Mkopo wa thamani ndogo uliochelewa miezi mitatu huandikwa kuwa mkopo uliochelewa miezi mitatu.

Kuchelewa kuna ngazi. Siku chache kwa kawaida huleta faini tu, na Marekani wakopeshaji hawapeleki taarifa ya kuchelewa mpaka rejesho lipitilize siku 30. Kisha huja 60, 90, na kuendelea, kila ngazi ikiwa nzito kuliko iliyotangulia. Hii ina maana kuwa ukichelewa siku 20 usikate tamaa ukaona bora uache mpaka mwezi ujao, kwa sababu siku hizo 10 zilizobaki ndizo zinazotenganisha faini na doa la miaka. Ina maana pia kuwa ukiwa na mikopo mitatu na fedha ya kulipa miwili, usigawanye fedha kidogokidogo kwa yote mitatu mpaka yote ihesabike imechelewa. Lipa miwili kikamilifu, hasa ule wenye dhamana ya nyumba au chombo cha kazi, kisha ukazungumze na mkopeshaji wa tatu.

Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya tarehe ya rejesho. Mkopaji anayekwenda mapema kueleza kuwa kipato kimeyumba ana nafasi ya kuongezewa muda, kupunguziwa rejesho au kupewa miezi ya kupumua. Anayekwenda baada ya simu kumi za ukumbusho anakuta faili limeshahamia kwa wakusanya madeni. Ukikubaliwa, omba makubaliano kwa maandishi na uulize waziwazi yataripotiwaje, kwa kuwa mkopo uliopangwa upya unaweza kuandikwa kama mkopo wa kawaida au kama mkopo wenye matatizo, kulingana na utaratibu wa mkopeshaji.

Madeni ya zamani yanahitaji tahadhari zaidi. Mkopeshaji anapofuta deni kwenye vitabu vyake, anafanya hivyo kwa ajili ya hesabu zake, wala hajakusamehe. Deni lingalipo, linaweza kuuzwa kwa kampuni ya ukusanyaji, na kwenye ripoti mstari huo ni miongoni mwa ile inayoumiza zaidi. Ukipewa nafasi ya kulipa sehemu na kusamehewa iliyobaki, fahamu kuwa ripoti inaweza kusema deni limemalizwa kwa kupunguziwa, maneno ambayo mkopeshaji mwingine huyasoma tofauti na "limelipwa lote". Bado ni bora kuliko deni lililo wazi. Kabla ya kulipa, pata barua inayotaja kiasi, tarehe, na namna mstari utakavyosomeka, na baada ya kulipa udai barua ya kuthibitisha kuwa hudaiwi, kisha uitunze hata miaka ikipita.

Kadi na kikomo chake

Kwa wenye kadi za mkopo, hapa ndipo alama zinapoweza kusogea haraka kuliko mahali pengine popote. Kinachotazamwa ni sehemu ya kikomo, yaani kiasi cha juu unachoruhusiwa kukopa kwa kadi, uliyoitumia, kwa kila kadi na kwa kadi zote kwa pamoja. Utasikia sana kuwa usivuke asilimia 30. Huo si ukuta, kwani hakuna linalolipuka kwenye asilimia 31, ila kadiri sehemu iliyotumika inavyopungua ndivyo alama zinavyonufaika.

Chukua mtu mwenye kadi mbili. Ya kwanza ina kikomo cha 60,000 na deni la 12,000, yaani asilimia 20. Ya pili ina kikomo cha 20,000 na deni la 18,000, yaani asilimia 90. Kwa pamoja ametumia 30,000 kati ya 80,000, ambayo ni asilimia 37.5. Amepata 12,000 za kulipia. Akizipeleka kwenye kadi ya kwanza ataimaliza na kufurahi kuona sifuri, lakini ya pili itabaki ikining'inia kwenye asilimia 90. Akizipeleka kwenye ya pili, deni lake litashuka hadi 6,000, sawa na asilimia 30, na jumla itakuwa asilimia 22.5 vilevile. Jumla ni ileile kwa njia zote mbili, lakini kwa alama njia ya pili kwa kawaida ni bora, na ikiwa kadi hiyo ndiyo yenye riba kubwa, hakuna la kujadili.

Tuseme alichagua njia ya kwanza, akaimaliza kadi ile, na kwa shangwe akaifunga kabisa. Kikomo cha 60,000 kimeondoka. Sasa anadaiwa 18,000 kati ya 20,000, na jumla yake imeruka hadi asilimia 90 bila kukopa chochote. Kadi ya zamani isiyo na ada ya mwaka ni afadhali ibaki wazi, itumike mara mojamoja kwa kitu kidogo na kulipwa. Kama kadi ina ada kubwa, au kama kuwa nayo kunakushawishi kutumia usichonacho, ifunge bila kujali alama. Alama zitarudi.

Tarehe nazo zina siri yake. Kiasi kinachopelekwa kwenye taasisi mara nyingi ni salio la siku hesabu ya mwezi inapofungwa, ambayo hutangulia tarehe ya mwisho ya kulipa kwa wiki kadhaa. Ikiwa hesabu hufungwa tarehe 20 na unatakiwa ulipe ifikapo tarehe 14 ya mwezi unaofuata, basi hata ukilipa lote tarehe 14 kila mwezi bila riba, ripoti inaweza kuonyesha daima kuwa kadi yako imejaa. Lipa sehemu kubwa kabla ya tarehe 20. Mifumo mingi ya zamani haikumbuki salio la miezi iliyopita, kwa hiyo mabadiliko huonekana mara taarifa mpya inapopokelewa, ingawa mifumo mipya kama VantageScore 4.0 na FICO 10T hutazama mwenendo wa miezi mingi.

Maombi mengi kwa wakati mmoja

Kuna ukaguzi wa aina mbili. Ule unaofanywa na mkopeshaji baada ya wewe kuomba mkopo huandikwa na unaweza kushusha alama kidogo kwa muda. Marekani hubaki kwenye ripoti miaka 2, na FICO huuhesabu kwa miezi 12 tu. Ule wa kujiangalia mwenyewe, au wa benki inayotafuta wateja wa kuwatangazia, haugusi alama. Tatizo ni mtu anayekataliwa asubuhi na kupeleka maombi sehemu nyingine nne kabla ya jioni, maana kwa anayesoma ripoti yake mtu huyo anaonekana amebanwa.

Kulinganisha riba ni jambo jingine, nalo ni la busara. Kwa mikopo kama ya nyumba na gari, FICO huyahesabu maombi ya aina moja yaliyofanyika ndani ya kipindi kifupi, siku 14 hadi 45 kulingana na toleo, kuwa ni ombi moja. Basi fanya ulinganisho wako wote ndani ya wiki mbili, na mahali panapotoa makadirio ya riba bila ukaguzi rasmi uanzie hapo.

Asiye na historia, na anayemdhamini mwingine

Mtu ambaye hajawahi kukopa rasmi hana alama mbaya. Hana alama kabisa, na kwa mkopeshaji hali hizo mbili zinaweza kuishia kwenye jibu lilelile. FICO huhitaji angalau akaunti moja yenye umri wa miezi 6. Njia nyepesi ya kuanza ni kadi inayolindwa na amana yako mwenyewe, au mkopo mdogo unaodhaminiwa na akiba yako, ukiutumia kwa kiasi kidogo na kuulipa kwa wakati. Kabla ya kusaini, uliza swali moja: mkopeshaji huyu anapeleka taarifa kwenye taasisi ya taarifa za mikopo? Kama hapeleki, uaminifu wako wote utabaki kwenye daftari lake.

Kuhusu udhamini nina msimamo mkali kidogo. Kumdhamini mtu ni kukopa kwa niaba yake, na akichelewa, jina lako linaweza kuchafuka bila hata wewe kupata taarifa. Ukiamua kudhamini, sharti liwe kwamba unaweza kulipa mkopo wote mwenyewe, na kwamba utapata taarifa ya marejesho kila mwezi kutoka kwa mkopeshaji, si kutoka kwa ndugu unayemdhamini.

Wanaouza njia ya mkato

Anayekuahidi kufuta taarifa za kweli kwa malipo anakuuzia kitu asichokuwa nacho. Marekani, sheria ya mwaka 1996 inazikataza kampuni za kusafisha ripoti kuchukua malipo kabla ya kufanya kazi waliyoahidi, na kipimo hicho kinafaa popote: akitaka fedha kwanza, ondoka. Kila wanachoweza kufanya kihalali, unaweza kukifanya kwa barua kama ile ya juu.

Wizi wa utambulisho ni tishio la kweli zaidi. Mwaka 2017 Equifax ilivamiwa na taarifa za watu takriban milioni 147 zikaibwa, tukio linaloonyesha kuwa hata anayetunza siri zake vizuri hana uhakika na wanaozitunza kwa niaba yake. Ukiona kwenye ripoti mkopo usioufahamu, toa taarifa polisi na kwa mkopeshaji siku hiyohiyo, na mahali sheria inaporuhusu, omba ripoti yako ifungwe ili mkopo mpya usifunguliwe kwa jina lako.

Miezi ya mwisho kabla ya kuomba

Ukijua kuwa utaomba mkopo mkubwa, jipe miezi 6. Tumia miwili ya kwanza kupata ripoti na kumaliza malalamiko, kwa sababu makosa yakigunduliwa wiki ya kuomba hayatarekebishwa kwa wakati. Katika miezi ya katikati punguza salio za kadi, na usifungue wala kufunga akaunti yoyote bila sababu nzito. Mwezi wa mwisho chukua ripoti nyingine, uthibitishe kuwa masahihisho yamebaki, kisha ukaombe.

Ombi likikataliwa, uliza sababu kwa maandishi. Nchini Marekani mkopeshaji analazimika kuzieleza, na kama alitumia ripoti, kukutajia taasisi iliyoitoa. Mara nyingi utaambiwa mambo mawili au matatu, kwa mfano kuwa salio za kadi ziko juu ya kiwango au historia ni fupi. Kama sababu ni salio, miezi miwili ya kulipa inaweza kutosha kuomba tena; kama ni rejesho lililochelewa hivi karibuni, kuomba tena kabla ya miezi kadhaa ya malipo safi kutaongeza ukaguzi mwingine tu kwenye ripoti; na kama ni kipato kuwa kidogo kulinganisha na rejesho linaloombwa, alama haziwezi kusaidia, na linalobaki ni kuomba kiasi kidogo zaidi au muda mrefu zaidi.